Imani, sindano na korona: tuliyojifunza mitaani Tanga

Ingia nyumba yoyote ya Makorora au Mwanzange yenye mtoto mchanga, uombe kadi ya kliniki. Utaletewa. Itatolewa katikati ya khanga zilizokunjwa sandukuni, kona zimelainika kwa kushikwashikwa, na visanduku vya BCG, polio, penta na surua vimejaa tarehe. Mwaka 2021 mama, baba na bibi wa mtoto huyohuyo waliambiwa kuna chanjo ya korona: bure, zahanati ileile, nesi yuleyule. Wengi hawakwenda.

Ripoti ziliandika "uelewa mdogo." Sisi tuliokuwa tunazunguka na makasha ya chanjo hatukuliona hivyo. Chanjo ya mtoto haiamuliwi na mtu. Ni desturi ya kulea. Mama aliikuta, na mama yake aliikuta. Chanjo ya mtu mzima ilimtaka kila mmoja aamue peke yake, na mtu akilazimika kuamua hutafuta pa kushika: dini, mwili, kumbukumbu, anayemwamini. Ndipo imani inapoingia kazini. Kosa letu sote tuliokuwa kwenye kampeni lilikuwa kudhani imani hiyo ni moja, kisha kuijibu kwa kipaza sauti kimoja.

Tuanze na kumbukumbu, maana husahaulika upesi. Tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020 taifa liliitwa kwenye maombi ya siku tatu. Takwimu zikasimama mwishoni mwa mwezi huo, wagonjwa 509 na vifo 21. Ikaja dawa ya mitishamba kutoka Madagaska, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, ikatengeneza ya kwake iitwayo NIMRCAF, na kujifukiza nyungu kukawa jambo la kutangazwa redioni. Juni tukaambiwa korona imekwisha. Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba chanjo hizo hazifai. Rais Samia aliapishwa 19 Machi, akaunda kamati ya wataalamu; dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zikatua Dar es Salaam tarehe 24 Julai, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya kamera. Kutoka "hazifai" hadi "tukachanje" ni miezi sita. Mtu aliyekataa mwezi Agosti hakuwa mkaidi. Alikuwa bado anatii agizo la Januari.

Kwa hiyo anayesema "mimi nilijifukiza nikapona" usimcheke. Ukimcheka umemwambia kwamba miezi yote ile alikuwa mjinga, na aliyemshauri alikuwa mjinga, na hapo mazungumzo yamekwisha. Linalofaa ni kuitenganisha kazi: nyungu ni ya kutuliza kifua mtu akishaugua, chanjo ni ya kabla hajaugua. Ongeza tahadhari ya kweli, kwamba sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watu. Akikuona unaijua nyungu, atakusikiliza kwenye sindano.

Sasa, mtu wa pwani hakwambii "sitaki." Atakukaribisha, atakupa kiti, pengine na kahawa, kisha atasema "tutakuja, inshaallah." Timu ngeni ziliandika majina hayo kama waliokubali na kuagiza dozi kwa hesabu hiyo. Siku ya siku wanakuja wachache, chanjo inarudishwa kwenye jokofu, na anayelaumiwa ni mwenyekiti wa mtaa. Dawa yake ni namna ya kuuliza. "Kwa nini hutaki kuchanja?" ni swali la polisi, linaleta jibu la heshima au jibu la dini, kwa sababu la dini halipingiki. Uliza hivi: "Huku kwenu watu wanasemaje kuhusu hii sindano?" Halafu nyamaza. Mtu yuko huru zaidi kusema hofu ya jirani kuliko yake. Atataja mbili tatu; ya mwisho, ile anayoisema sauti ikishuka, ndiyo yake. Usijibu zile za kwanza. Jibu hiyo.

Mara nyingi sana, na hasa kwa walio chini ya miaka arobaini, ya mwisho ilikuwa uzazi.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu wengi walidhani hofu hii ilitoka WhatsApp tu. WhatsApp ilikuta shamba limeshalimwa. Fikiria sindano gani mwanamke wa Tanga anazijua mkononi mwake akiwa mtu mzima na si mgonjwa. Ya kwanza ni ya uzazi wa mpango, ya kila miezi mitatu: bure, zahanati, nesi yuleyule. Na sindano hiyo ina tabia ya kweli ambayo kila mtaa unaijua, kwamba ukiacha, mimba inaweza kuchelewa hata karibu mwaka. Basi likija tangazo la sindano ya bure kwa watu wazima, zahanati, bila kuumwa, anailinganisha na ipi? Akili yake inafanya kazi sawasawa. Mfano alionao ndio usiolingana. Ongeza na maneno yaliyovuka mpaka wa Horohoro mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipodai chanjo ya pepopunda imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, na mabishano ya tangu 2018 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 14. Kila mara ni wanawake, kila mara ni umri wa kuzaa.

Mhadhara kuhusu virusi na vinasaba haukuisogeza hofu hiyo. Kilichofanya kazi ni sindano ya pili anayoijua bila kuikumbuka: ya pepopunda, aliyochomwa kliniki akiwa mjamzito. Mwulize mama ana watoto wangapi, na kila mimba alichomwa nini begani. Atahesabu mwenyewe. Hiyo ni chanjo ya mtu mzima, ameipata zaidi ya mara moja, na baada yake kuna watoto uani wanacheza. Baada ya hapo mwambie ukweli mmoja ambao wengi waliuficha: hedhi inaweza kubadilika kidogo baada ya chanjo ya korona. Utafiti uliotoka Januari 2022 ulikuta mzunguko unarefuka kwa wastani wa chini ya siku moja, kisha unarudi. Asipoambiwa mapema, siku hiyo moja ya kuchelewa ndiyo itakayotangazwa mtaa mzima kuwa ushahidi.

Na asiambiwe na kijana wa kiume mwenye fulana ya kampeni. Mambo haya Tanga yana wenyewe: kungwi, somo, shangazi, mkunga aliyestaafu. Kungwi mmoja akiridhika amekumalizia kazi ya mikutano mingi, na hakuridhishwa kwa kipeperushi. Alikaa na nesi wa makamo, akauliza asiyoweza kuuliza hadharani, akapewa muda. Kwa wanaume hofu ni ileile ikiitwa nguvu za kiume. Jibu fupi linatosha: homa kali, ya korona ikiwemo, ndiyo inayoweza kushusha mbegu kwa muda, chanjo haijaonyesha hivyo. Wanaume hawataki liongelewe sana, nawe usilirefushe.

Dini sasa. Huku ndiko wageni walikuwa wanaogopa zaidi, na kwa maoni yetu ndiko kulikuwa na ugumu mdogo, mradi uende kwa utaratibu. Utaratibu ni huu: usimfuate imamu Ijumaa kabla ya khutba na karatasi ya kusoma. Mfuate katikati ya wiki, baada ya alasiri, pasipo na watu. Umpelekee karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi la chanjo, yote, siyo muhtasari. Umwache aisome. Imamu anayetaka kujua atavaa miwani na kidole kitashuka mstari kwa mstari kwenye orodha ya viambato, na kwenye Janssen kidole hicho kitasimama kwenye ethanoli, yaani pombe. Ipo kweli, takriban miligramu 2 katika dozi ya mililita 0.5. Ukijifanya hujaiona, umeanguka. Ukimwambia ipo, ni kiasi gani, na kwamba ndizi moja iliyoiva sana ina zaidi ya hiyo, mnaingia kwenye mjadala anaoujua yeye kuliko wewe, wa kitu kidogo kisicholevya ndani ya dawa. Acha amalizie mwenyewe. Nguruwe hayumo kwenye orodha. Hilo nalo atataka alione kwa macho yake.

Suala la tawakkul, kumtegemea Mungu kwa kuwa siku ya mtu haikimbiliki, wenyewe wana jibu la zamani kuliko korona. Sayyidna Umar aliporudi njiani asiingie Sham yenye tauni, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Ipo pia hadithi ya kumfunga ngamia kwanza ndipo utegemee. Maneno haya yakitoka kwa mwalimu wa madrasa yana uzito. Yakitoka kwa afisa wa wilaya yanasikika ameyaazima. Hoja iliyowagusa wazee zaidi ilikuwa hija. Kila aliyewahi kwenda Makka alichomwa ya homa ya uti wa mgongo kabla ya safari na hakuna aliyeona imani imepungua, na mwaka 2022, hija ilipofunguliwa tena kwa wageni, Saudi Arabia iliwataka mahujaji wawe wamechanja ya korona.

Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, na swali likawa kama sindano inabatilisha saumu. Masheikh wengi walisema haibatilishi, kwa kuwa si chakula wala haipiti njia ya chakula. Lakini wapo waliobaki na wasiwasi, na wasiwasi wa mfungaji haushindwi kwa ubishi; wewe unahamisha saa. Chanja baada ya tarawehe, jirani na msikiti, taa iwepo. Homa ikija huja usiku, mtu anakunywa panadoli mbili wakati wa daku, na asubuhi anafunga kama kawaida.

Upande wa makanisa maswali yalikuwa mawili. Wakatoliki waliosikia kwamba chanjo zilitengenezwa kwa seli zilizotokana na kijusi cha mimba iliyotolewa zamani walihitaji kuelezwa kwamba Vatikani ilitoa tamko Desemba 2020 kuwa chanjo hizo zinakubalika pale ambapo hakuna nyingine. Na wale waliohofia kwamba chanjo ndiyo alama ya mnyama: Ufunuo unataja mkono wa kuume au kipaji cha uso. Sindano hii inaweza kupigwa bega la kushoto. Mpige kushoto, usianze theolojia kwenye foleni.

Kuna sababu zinazovaa kanzu ya imani na kumbe ni za tumbo. Mvuvi wa diko la Deep Sea akikwambia "Mungu ndiye mlinzi," huenda anamaanisha hawezi kupoteza usiku mmoja wa kazi. Maudhi madogo madogo ya chanjo hii, maumivu ya bega, homa, uchovu, kichwa, huja siku ya kwanza na ya pili, na mtu mwenye homa havuti wavu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza; mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na vyombo hukaa. Basi kalenda ya kampeni ya madikoni haiwi ya ofisini, inakuwa ya mwezi mwandamo: kati ya tarehe 13 na 17 utawakuta wanashona nyavu, wana muda na wana mdomo. Ukienda mwezi ukiwa mchanga utarudi na vichupa vyako, kisha utaandika kwamba wavuvi wana imani potofu. Kwenye mashamba ya mkonge ni vilevile. Mkataji analipwa kwa kipande; siku asiyokata hana kitu. Jumamosi mchana baada ya kazi ndiyo saa yake, Jumapili apumzike na homa yake. Mnyapara akikubali kusogeza kipande cha Jumatatu, wanajaa.

Halafu yapo yale yanayoharibikia mezani kwetu wenyewe, ambayo mlengwa hana lawama.

Kichupa cha Janssen kilikuwa cha dozi tano. Kikishatobolewa kilikaa saa sita tu kwenye nyuzi 2 hadi 8, baada ya hapo kilimwagwa. Mchanjaji aliogopa kuandikiwa upotevu, kwa hiyo akija mtu mmoja saa nne asubuhi aliambiwa asubiri wafike watano, au arudi kesho. Huyo mmoja huenda amebishana na mumewe usiku kucha hadi kufika pale. Ukimrudisha umempa ishara aliyokuwa anaitafuta, na harudi. Fungua kichupa. Dozi nne zikimwagika zitaandikwa upotevu na maisha yataendelea. Au afadhali, mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawaite wanne wa jirani waliosema "tutakuja," maana safari hii wana sababu ya kuja leo.

Fomu ya ridhaa ilileta mashaka kuliko sindano yenyewe. "Kama ni salama, kwa nini nisaini?" ni swali la mtu mwenye akili, na jibu la "ni utaratibu tu" ndilo baya kuliko yote, maana kwa uzoefu wa wananchi utaratibu ndio unaochukua mashamba. Isome kwa sauti kabla hujampa kalamu. Mweleze kwamba chanjo ni hiari na karatasi hiyo inaonyesha ameulizwa, hakulazimishwa. Anayeomba kwenda nayo nyumbani, mpe.

Bomba la sindano nalo lioneshwe kabla, likiwa bado kwenye karatasi yake. Mililita 0.5 ni sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Mwenye hofu ya kutiwa chipu mwilini akiona ukubwa wa tundu la sindano na kiasi cha maji, hamna haja ya mjadala wa minara ya simu.

Kuzirai ndiko kulikovunja foleni nyingi. Kijana mwenye mwili, hajala tangu asubuhi, amesikia kwamba atakufa baada ya miaka miwili, anasimama juani kusubiri. Anachomwa, anasimama haraka, anaanguka. Wote nyuma yake wameona kwa macho. Zuia mapema: kivuli, viti, uji au chai, wanaosubiri wasione bega linalochomwa, na anayesema "mimi naogopa sindano" achanjwe amelala. Akianguka, mlaze chali, inua miguu. Akiwa amepauka, jasho la baridi, mapigo ya polepole, na akirudi baada ya dakika chache, ni hofu. Lakini midomo ikivimba, mwili ukiwasha na kutoka vipele, kifua kikilia, mapigo yakienda mbio, hiyo ni mzio mkali, na adrenalini mililita 0.5 ya 1:1000 inaingia paja upande wa nje papo hapo, ndipo mengine. Ndiyo maana ya dakika 15 za kukaa. Watu waliambiwa wakae bila kuambiwa kwa nini, wakadhani wanachunguzwa kama jaribio. Mweleze kila mmoja, na aliyezirai akishaamka arudi kupita mbele ya foleni kwa miguu yake. Hakuna hotuba inayolingana na hiyo.

La kuganda kwa damu lisifichwe. Kwa Janssen lilitokea kwa takriban watu 4 katika kila milioni, wengi wao wanawake wa chini ya miaka 50. Anayeondoka aambiwe dalili: kichwa kikali kisichosikia dawa, tumbo, pumzi kubana, mguu kuvimba, kuanzia siku ya nne na hasa wiki ya pili, akiziona aende hospitali ya mkoa ya Bombo au kituo cha afya na aseme siku aliyochanja. Tuliogopa kwamba kusema hivi kutafukuza watu. Waliofukuzwa na ukweli huo walikuwa wachache. Waliokasirika walikuwa wale waliousikia baadaye kwa wengine.

Ahadi kubwa iligharimu zaidi. Magari ya matangazo yalisema ukichanja huugui. Janssen kwenye majaribio ilizuia ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa asilimia 66, na ule mkali hasa kwa 85. Omikroni ilipofika mwishoni mwa 2021, waliochanja waliumwa mafua pamoja na wasiochanja, wakakaa barazani wakilinganisha. Kila aliyeahidiwa kinga kamili akawa shahidi dhidi yetu. Aliyekuwa ameambiwa "utaweza kuugua, lakini uwezekano wa kulazwa unapungua sana" hakutikisika.

Mwaka 2022 waliochanja waliongezeka sana, na si kwa sababu watu walibadilisha imani. Chanjo iliacha kukaa kituoni ikaanza kufuata watu nyumbani, sokoni, vijiweni. Wengi waliokuwa na hoja nzito umbali wa kilomita tatu walikunja mikono ya mashati mlangoni kwao. Hilo linapaswa kutupunguzia hamu ya kubishana. Imani ya wengi haikuwa ukuta. Ilikuwa kisingizio cha heshima kwa safari isiyo na haraka. Waliobaki, wenye imani kweli, walikuwa wachache na walijulikana kwa majina, na hao wanahitaji mtu mmoja wa kukaa nao, si kampeni.

Kwa zamu ijayo, ugonjwa wowote utakaokuja, daftari la zahanati liongezwe safu moja: sababu ya mwisho aliyoitaja mtu, kwa maneno yake mwenyewe, na nani anamsikiliza. Na siku ya pili baada ya kuchanjwa apigiwe simu kuulizwa homa imeendaje. Simu hiyo ni ya dakika moja, na anayeipokea mara nyingi yuko na wenzake barazani, ameweka spika.